Matandiko ya Mtoto Ambaye Hajafika

Safari yangu ya kwanza kuja Dar es Salaam nilipanda lori kule kwetu kusini, juu ya magunia, mimi na watu kumi na kitu na mbuzi mmoja aliyekuwa na adabu kuliko baadhi yetu. Mwingereza alikuwa bado yupo. Mvua zilikuwa zimekata barabara, na tulipofika Rufiji tukakuta mto umejaa, pantoni imefungwa kwenye mti upande wa pili, na mwenye pantoni amekaa anavuta sigara. Tulikaa pale siku tatu.

Mbele kwa dereva palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu, na aliyepewa ni mwanamke mwenye mtoto mchanga. Hakuna aliyenung'unika. Mtoto alikuwa amefungwa kanga toka kichwani mpaka miguuni, kwa ajili ya upepo, na mama yake alimpakata muda wote akimwimbia chinichini. Sote tukawa watu wa mtoto yule. Mzee mmoja mwenye kikohozi alikuwa akitaka kukohoa anaondoka kwenda nyuma ya kichaka. Mimi nilitoa shuka langu likafungwa dirishani kuzuia jua. Tukawa tunaongea kwa kunong'ona, watu wazima, porini, eti mtoto amelala.

Siku ya pili, mchana wa saa saba, joto linaunguza, sote tumejilaza chini ya lori, yule mama akateremka mtoni kufua. Mtoto alimwacha kwenye kiti. Basi mtoto akalia. Nasema nililosikia mwenyewe. Alilia kile kilio cha kichanga, kikavu, cha kukatakata. Yule mzee wa kikohozi akaniambia, "Kijana, wewe una miguu, kamtazame huyo."

Nikapanda kwenye ngazi ya lori, nikaingiza mkono nimbembeleze. Mkono ukazama kwenye nguo. Nikafunua. Kulikuwa na kanga, na ndani ya kanga kanga nyingine, na katikati mfuko mdogo wa unga wa muhogo. Hapakuwa na mtoto. Hakuwahi kuwepo.

Mama akanikuta pale pale. Wala hakuona haya. "Kaka yangu, usiwaambie," akasema. "Mgongo wangu mbovu, juu ya magunia ningekufa."

Nikamwambia, "Sitawaambia. Lakini analia."

"Nani?"

"Mtoto."

Alinitazama kwa muda. Kisha akaufunga ule mzigo upya, polepole, akaacha tundu la kupitishia hewa, akauweka begani na kuanza kuupigapiga mgongo. Toka hapo hakuuweka chini tena. Hata tulipofika mjini, tumeteremka kila mtu na lake, nilimwona anakata kona na mzigo wake begani, anaupigapiga, na hakuna tena dereva wa kudanganywa.

Sasa sijui kwa nini nimeanza na lori. Nilikaa nikitaka kuandika habari ya matandiko niliyoshona Kariakoo, na mkono ukaenda Rufiji. Mnisamehe. Herufi mimi nimezipata ukubwani, kwenye madarasa ya jioni ya watu wazima, tunakalia madawati ya watoto magoti yanafika kidevuni, na mwalimu wetu alikuwa akisema mimi naandika kama ninavyotembea, yaani napitia kwa kila mtu. Basi tumeshafika Kariakoo. Lori tuliache.

Nilikuwa na cherehani ya miguu kwenye baraza la nyumba moja ya udongo na bati, karibu na Msimbazi. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kizaramo, mjane, ana vyumba sita na wapangaji wa kila kabila, na kila mpangaji alijua kwamba asubuhi mama anauza bagia na jioni anajua habari zako kuliko wewe. Mimi alinipa baraza na chumba cha uani. Mwingereza alishaondoka zamani; ilikuwa miaka ile baada ya vita, miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, dawa ya meno foleni. Vitambaa ndiyo usiseme. Wengi waliokuja kwangu walikuja kugeuziwa: kola ya shati ikichakaa naifumua, naigeuza, upande wa ndani unatoka nje, shati linapata maisha mengine. Suruali ya baba inatoka kaptula mbili za watoto. Pazia linakuwa gauni la Idi. Nilimaliza mwezi mzima sijakata kitambaa ambacho hakijawahi kuvaliwa na mtu.

Ndiyo maana nilishtuka siku ile mteja wangu mmoja alipofungua gazeti juu ya meza ya mashine, ndani mna kitambaa kipya cheupe.

Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mtu wa Kilimanjaro, karani wa stoo kwenye ofisi fulani ya Posta. Alikuwa akikaa Magomeni na mke wake. Kola zake zote nilizigeuza mimi. Mtu safi, wa maneno machache, kalamu mbili mfukoni.

"Habari za kazi, fundi."

"Kazi iko wapi, ndugu yangu. Mimi na mashine tumekaa kama mke na mume walionuniana."

Akacheka kidogo. Akatoa mfukoni ukurasa uliochanwa kwenye jarida la Kizungu, ameukunja mara nne. Kwenye picha kulikuwa na kitanda cha mtoto, kile chenye fito pande zote, na kimetandikwa mpaka basi.

"Kitanda nimeshatengeneza mwenyewe," akasema. "Kwa mbao za makasha ya kazini. Sasa nataka hivi vilivyomo. Mashuka mawili, foronya na mto wake, mfarishi mdogo, na huu mto mrefu wa kuzunguka fito, asijigonge kichwa. Sufi ninayo, nimeletewa gunia zima."

"Mtoto ana miezi mingapi?"

"Hajafika. Bado wiki sita."

Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa mlangoni na ungo, anachagua mchele. Akaacha kuchagua.

"Baba," akasema, "ngoja kwanza aje. Akishakuja fundi atamshonea mpaka kilemba. Hayo mambo ya kumtandikia mtu ambaye hujamwona uso, sisi huku hatuyafanyi."

"Na sisi kwetu hatuyafanyi, mama," kijana akajibu. "Wa kwanza tulingoja. Mama mkwe alikataza hata nepi. Akaja, akakaa siku mbili, akaondoka. Wa pili tukangoja vilevile. Akaja, hata jua hakuliona." Alikuwa anaongea huku ananyoosha mikunjo ya ule ukurasa kwa kidole. "Wote wawili wamekuja wamekuta hakuna kitu. Huyu nataka akute kwake. Mke wangu, daktari amemwambia alale tu, asinyanyue hata ndoo. Analala kutwa anatazama kile kitanda, mbao tupu. Kila nikirudi ananiuliza, matandiko yako wapi."

Nikasema nitashona. Na hapa niseme ukweli wangu, kwa sababu nimeshazeeka na uongo unanichosha: sikukubali kwa huruma. Nilikuwa nimeshakipima kile kitambaa kwa macho, nikaona vitabaki vipande vya kutosha mifuko ya suruali kumi.

Lakini nilipokishika mkononi, nikasita. Ilikuwa bafta. Ncha zake hazikukatwa kwa mkasi, zilichanwa kwa mkono, na nyuzi zinaning'inia. Nikakiinua puani. Karafuu maiti.

Wa mjini leo labda hajui. Miezi ile bafta haikuuzwa. Ilikuwa ikitoka duka moja tu la ushirika, kwa ajili ya sanda peke yake, na huipati bila barua ya balozi wa nyumba kumi inayosema umefiwa, umefiwa na nani, na jina la marehemu. Muuza duka anakuchania yadi zako, za mtu mzima au za mtoto. Na robota lile alikuwa analiweka kabati moja na karafuu maiti, kwa sababu wateja wa vitu hivyo ni wamoja.

Nikamuuliza polepole, "Ndugu, umefiwa?"

"Hapana."

"Hii bafta umeipataje?"

Akageuza uso, akatazama barabarani kulikokuwa kunapita mkokoteni wa ndizi. "Nimezunguka mji mzima, fundi. Wiki tatu. Nimekwenda mpaka Ilala, mpaka Temeke. Hakuna kitambaa. Mtu kazini akaniambia kinachotoka ni cha msiba tu. Basi nikaenda kwa balozi wa huku kwenu, kule Magomeni wanajua tumbo la mke wangu. Nikamwambia nimefiwa na kichanga. Akaandika barua, yakaisha. Ni karatasi tu."

Mama akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "Na jina la marehemu ulimwambia nini?"

"Aliniuliza ghafla. Kalamu iko juu, ananingoja. Wale wawili walikuwa wa kike, na huyu mke wangu anasema ni wa kiume; kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anaitwa kwa jina la babu yake, mzaa baba. Hilo ndilo jina tunaloliita mle ndani kila siku. Ndilo lililotoka."

"Ukampa balozi jina la mtoto wako."

"Mama, hajazaliwa."

"Na limeandikwa."

"Kwenye daftari. Daftari la mistari, la shule."

Mama akaweka ungo chini. "Basi rudi leo hii. Mwambie balozi akate hilo jina. Mwambie umekosea, mwambie umelewa, mwambie lolote. Wewe umemwandikisha mwanao kwa wafu kabla hajaandikishwa kwa walio hai."

Kijana hakukasirika. Alimtazama mama kwa upole, kama anavyotazamwa mtu aliyekosa elimu. "Nikirudi nitakamatwa, mama. Unajua sasa hivi mtu akikutwa na kitambaa cha udanganyifu anaitwa nani. Mlanguzi. Nitakuwa ndani mtoto anazaliwa. Acha azaliwe, halafu nitakwenda nimwambie."

Mama akachukua ungo wake. "Mimi simo," akasema, akaingia ndani.

Tukaagana aje Ijumaa saa kumi, akitoka kazini.

Nilikifua kile kitambaa mara mbili kwa sabuni niliyokuwa nimeificha kwa ajili yangu. Nikakianika uani, jua kali, siku nzima. Kikakauka kinanukia jua na karafuu maiti. Wapangaji wanaokwenda chooni wanapita wanainamisha kichwa.

Foronya ilikwenda vizuri. Mfarishi nao, niliushona kwa misumari ya uzi ili sufi isikimbilie pembeni, na mto mrefu wa kuzunguka fito ukanitoa jasho lakini ukakaa. Ila tangu nianze, mashine ikawa inalia. Cherehani kulia si ajabu, nilikuwa nimekosa mafuta yake, napaka ya nazi. Mama akaniita toka ndani, "Fundi, mtoto wa nani huyo?"

"Mashine, mama."

Nikapaka mafuta. Nikaendelea. Nikamaliza kuzunguka mto, nikasimama nikanyoosha mgongo, nikawa natafuta bobini iliyoanguka. Mama akatokea mlangoni, mikono ina unga wa bagia.

"Nakuuliza, kuna mtu kaacha mtoto hapo barazani? Mbona halishwi?"

Nikamwonyesha mguu wangu. Haukuwa kwenye kanyagio. Mashine ilikuwa imesimama zamani. Akaitazama mashine, akatazama lile furushi la mto, jeupe, limejaa sufi, limejikunja juu ya kiti changu. Mimi nikakumbuka ngazi ya lori na mkono wangu unazama kwenye kanga. Nililichukua lile furushi nikaliweka juu ya kabati, na ngoja niseme na hili, nililishika kwa mikono miwili.

Mashuka niliyaacha mpaka Alhamisi, kwa kuwa shuka ni kazi ya mtoto mdogo, kupinda pande nne basi. La kwanza nililipinda. La pili nikakaa nalo, huku nawaza yangu. Nilikuwa nawaza sukari, nakumbuka vizuri, kwamba duka la kona litafungua saa ngapi na nani anishikie nafasi. Mkono ukawa unafanya kazi peke yake. Ukalikunja shuka katikati. Ukalinyoosha kwa kiganja. Ukachukua mkasi, ukatafuta katikati ya kunjo, ukakata mviringo.

Niliposhtuka, nimeshika kipande cheupe cha ukubwa wa kisahani.

Lazima nieleze. Mwosha maiti wa wanawake wa mtaa wetu, bibi mmoja mwembamba wa mtaa wa nyuma, mkasi wake ulikuwa butu na mpya haupatikani. Kila akipata maiti alikuwa anakuja kwangu na bafta. Sanda haipindwi wala haitiwi sindano, lakini lile vazi analovishwa maiti ndani, linakunjwa mara mbili na kukatwa shingo, na shingo hiyo nilikuwa naikata mimi. Mwaka ule nilikata nyingi. Mkono wangu ulikuwa umezoea kwamba bafta ikija inakunjwa na inakatwa shingo. Haukuuliza matandiko. Na ukubwa wa shingo niliyoikata, nasema kweli, ulikuwa wa kichanga.

Kitambaa cha kufidia hakikuwepo. Vipande nilivyovitamani havikutosha upana. Nikakaa nalo mapajani mpaka adhana ya alasiri. Mwishowe nikachukua kipande cha pazia la njano, nikakata bata. Nikamweka juu ya tundu, nikamshona pembeni kote, nikamtia jicho la uzi mweusi. Kwa juu lilikuwa shuka zuri kuliko lile la kwenye picha. Kwa chini tundu lilikuwa pale pale. Nikamwambia mama nimeongeza urembo. Akamwangalia yule bata, akaniangalia mimi, akasema, "Una mambo, fundi."

Ijumaa ikafika. Baada ya saa tisa nilikuwa nimeshayakunja matandiko yote mezani, na shuka la bata juu kabisa, ili alione kwanza bata afurahi. Mara nikaona wanawake wanakuja kwa mstari, saba au wanane, wamejitanda kanga, wawili wamebeba jamvi. Mbele yao yule mwosha maiti.

"Hodi jamani," akasema. "Mtusamehe, tumechelewa. Balozi katuambia leo tu."

Mama akatoka. "Kawaambia nini?"

"Msiba wa mpangaji wako. Yule kijana wa Posta na kichanga chake. Nyumba kumi zinafiwa na watu hawajui? Sisi tumekuwa Wazungu?"

Hapo ndipo tulipojua. Balozi alimuuliza kijana anakaa wapi, naye kwa kuwa nyumba aliyoijua mtaani kwetu ni moja, akataja hii. Hilo hakutuambia. Mama alinitazama, nami nikamtazama. Neno moja tu lingetosha, kwamba hatuna mpangaji huyo wala hatujui msiba huo. Jioni hiyo hiyo balozi angejua, na kijana angelala ndani, na mkewe kule Magomeni anamsubiri amelala chali. Mama alisogeza ungo wake.

"Karibuni," akasema. "Tandikeni."

Wakatandika jamvi barazani, hatua mbili kutoka kwenye mashine yangu. Wakakaa, wakanyoosha miguu. Mwosha maiti akaomba dua, na katikati ya dua akalitaja jina, marehemu fulani bin fulani, kama alivyolipata kwa balozi. Wenzake wakaitikia. Mmoja akaanza kulia, si kwa nguvu, kile kilio cha kumsaidia mwenzio. Nikaona mama yetu naye anafuta macho kwa pindo la kanga. Nilipomwuliza baadaye alisema hakuwa anaigiza.

Kijana akatokea kwenye kona. Ana kikapu kitupu cha kubebea matandiko, na mkono wa pili kopo la dawa ya viatu. Alikuwa amelitia kokoto na kuliziba, la mtoto kuchezea, linasikika tangu mbali kwa kila hatua yake. Alipoona watu barazani akapunguza mwendo.

Wanawake wakainuka. Wakamshika mikono, mmoja baada ya mwingine.

"Pole, baba."

"Pole sana, mwanangu. Mungu akupe subira."

"Kaza moyo, baba. Mtakuja kupata mwingine."

Alinitafuta kwa macho. Mimi nikajifanya natia uzi kwenye sindano. Kisha akamtazama mama, na mama akatikisa kichwa kidogo sana, kwa namna ya kumwambia asikanushe. Akaelewa. Kopo likanyamaza mkononi.

"Ahsanteni," akasema. "Ahsanteni, mama zangu."

Wakamkalisha jamvini. Mwosha maiti akakaa ubavuni kwake.

"Mama yake hajambo?"

"Amelala."

"Na alale. Mwambie maziwa yakimjaa akamue amwage, asiyaache yatamletea homa."

"Ndiyo, mama."

"Mlimweka wapi?"

Alifungua mdomo, na niliona anatafuta. "Kwetu," akasema. "Kwenye migomba ya baba."

"Vizuri. Yuko na wazee wake. Alikuwa kafanana na nani?"

"Na baba yangu. Paji la uso." Akapitisha kidole kwenye paji lake. "Na masikio."

Halafu akaanza kulia. Nimeshaona watu wakijiliza, kwenye kazi yangu nimekaa barazani miaka, najua. Huyu alikuwa analia msiba. Mabega yanapanda yanashuka, pua inatoka, na wale wanawake wakaridhika naye, wakamsogelea, wakawa wanamwambia lia baba, toa, usiweke. Na kila wakimtuliza wanalitaja lile jina. Marehemu. Marehemu. Mimi nilihesabu mara ya saba nikaacha.

Mwosha maiti aliposimama kumpisha mwenzake, akaegemea meza yangu, na mkono wake ukatua juu ya shuka la bata. Vidole vyake viliijua bafta kabla macho hayajafika. Akalichukua. Akaligeuza upande wa chini.

"Fundi," akasema, "shingo hii ya nani? Kuna mwingine tena?"

Nikaushika mkasi, nikauweka chini tena.

Kijana akainua uso, machozi bado. "Shingo gani, mama?"

"Hii, baba." Yule bibi hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa anamfundisha mtu wa bara jambo asilolijua. Akalikunja shuka kwenye kunjo langu, akalishika kwa ncha za vidole viwili huku na huku, akalining'iniza. Na pale hewani halikuwa shuka tena. Lilikuwa kanzu ndogo, nyeupe, na bata wa njano amekaa kooni. "Anavishwa hivi. Wa kwako hamkumvisha hivi?"

Kijana akaliangalia. Akaliangalia muda mrefu, kisha akayaangalia na yale mengine mezani, mfarishi, foronya, mto wa fito, yamekunjwa kwa mpangilio, kama sanda inayomngoja mtu. Nikataka kumweleza kwamba mkono ulikosea, nilikuwa nawaza sukari. Maneno yalinifika hapa mdomoni. Lakini ningeyasemaje mbele ya wale?

Akasimama. Akalipangusa jamvi alipokuwa amekaa, kwa adabu. Akaliweka lile kopo la kokoto juu ya meza yangu, taratibu, lisilie. Akajipapasa kola, ile niliyomgeuzia mimi, akaiweka sawa.

"Nakuja," akasema.

Mama mwenye nyumba akamwita, "Baba, chai inakuja, usiende mbali."

Akainua mkono bila kugeuka. Njia ya Magomeni kwa mke wake ilikuwa kulia. Yeye alishika kushoto, ya Gerezani, kuelekea relini, hatembei haraka, mikono mitupu, na kikapu amekiacha. Nilimfuata kwa macho mpaka akafunikwa na watu wa sokoni. Chai ikaletwa, wakammiminia kikombe chake, wakakifunika na kisahani. Tukakaa tunamngoja mpaka chai ikapoa na jamvi likakunjwa.

Hakurudi, wala kwa mke wake hakufika.